TUPEANE UZOEFU: Seti ya lori la jeshi imekosa kipande, ulikipata vipi? (Kigoma na Tabora tuelezane)

Mwana wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tunaounga modeli (magari madogo ya plastiki ya kuunganisha vipande) huku kwetu hatupo wengi, na duka la modeli hakuna. Ndiyo maana nafungua uzi huu kwa jambo moja tu: umepata seti ya lori la jeshi, umefungua boksi, kipande hakipo. Ulifanyaje? Naanza mimi.

Yangu ni GMC CCKW ya skeli ya 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko lori halisi), lile lori la Kimarekani la Vita ya Pili ya Dunia, ekseli tatu zote zinavuta. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Kigoma, boksi likiwa limeshafunguliwa. Nikakagua fremu (zile plastiki zinazoshikilia vipande) moja baada ya nyingine, gurudumu moja la nje la ekseli ya nyuma halimo.

Kabla ya yote, chukua karatasi ya maelekezo. Kila fremu ina herufi yake, kila kipande kina namba yake. Ukiwaandikia watengenezaji, wanataka namba ya boksi na namba ya kipande. Ukieleza kwa maneno "lile duara la nyuma" hawatakuelewa. Kampuni nyingi kubwa zina utaratibu wa kuhudumia vipande. Kwangu kilichokwamisha ni gharama ya kukifikisha kipande Kigoma: kwa gurudumu moja nisingeweza kulipa ile hela.

Nikaamua kunakili gurudumu lililopo. Nilitumia silikoni ya kuzibia vioo, ile inayonuka siki, nikaikanda na wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukazia supu, siyo sembe. Wanga unaifanya ikauke haraka mpaka ndani. Vaa glavu na fungua dirisha. Gurudumu la mfano nikalipaka mafuta ya mgando, nikalizamisha nusu kwenye donge. Likakauka, nikatoboa vishimo pembeni ili nusu ya pili ikae mahali pake, nikapaka tena mafuta, nikafunika juu. Zikifunguka unabaki na umbo kamili la gurudumu ndani.

Humo nikajaza puti ya wapiga rangi wa magari, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha), inapatikana gereji yoyote. Siri iko kwenye hewa: sukuma puti kwanza kwenye vijino vya tairi kwa kijiti, ndipo ujaze katikati. Ukimwaga yote kwa mkupuo, vijino vinatoka na matundu.

Na upime. Tairi halisi la GMC ni 7.50-20, kipenyo chake karibu sentimita 92. Gawa kwa 35, unapata milimita 26 hivi. Langu lilitoka humo humo. Nikishika lori hilo leo nafurahi kuliko lingetoka kamili kiwandani.

Karibuni.

Isevya Tabora

Mkuu, asante kwa uzi. Hapo kwenye kupima umegusa penyewe.

Mimi pia nina CCKW, ila nilichokosa ni nyumba ya difu ya nyuma (lile tumbo la katikati ya ekseli lenye gia). Mdau mmoja wa Dar alikuwa na ya ziada, akanitumia picha nione kama inafaa. Kwa macho yangu ilikuwa sawa na zilizomo kwenye seti yangu. Nikaenda na picha za zote mbili kwa mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, fundi mstaafu wa malori, nikamwonyesha kwenye simu. Hakumaliza hata dakika. Akasema, "Mwanangu, hizi ni difu mbili tofauti. Hii chungu chake ni kizima, kinafungwa kifuniko. Hii nyingine imepasuliwa katikati, nusu mbili zimeungwa kwa bolti kuzunguka."

Nikaenda kusoma, na mzee alikuwa sahihi kabisa. Hayo malori yalitoka na ekseli za aina mbili, na zote mbili zilitumika vitani. Lori langu lina difu za chungu kizima mbele na katikati, kwa hiyo ile ya Dar ingeharibu. Nilimshukuru yule ndugu, kipande nikamwachia.

Nilitengeneza mwenyewe kwa kifungo cha shati, kile kinene chenye mgongo wa mviringo. Nikakipiga faili pembeni, matundu nikayaziba kwa puti, mirija ya ekseli nikatumia mabaki ya fremu yenyewe. Mzee alipokiona alikigeuza geuza muda mrefu, kisha akaniuliza propela (shafti inayozungusha difu) inaingilia upande gani, maana kwenye lori hilo haikai katikati kabisa. Nikarekebisha mbele yake.

Wakuu, mafundi wa zamani waliolala chini ya malori haya na ndugu zake wapo mitaani kwetu. Waulizeni kabla hawajaondoka.

Mwanga Sokoni

Wa BM-21 mpo? Ile mitambo ya Kirusi ya kurushia roketi iliyobebwa na lori la Ural-375, mabomba 40 nyuma, ya milimita 122. Yangu ilikuja na mabomba pungufu.

Kwa 1/35 tundu la bomba linakuwa milimita 3.5. Nilijaribu vijiti vya pipi vyenye tundu, ukubwa unakaribia, lakini ile plastiki haishiki gundi wala rangi, ukigusa kwa kucha inabanduka. Mirija ya wino wa peni ndiyo hivyo hivyo.

Dawa ni antena ya redio mbovu. Ivute yote uone, kila pingili ina unene wake, na ukuta wake ni mwembamba sana kama bomba halisi linavyotakiwa kuonekana mdomoni. Fundi redio yeyote ana rundo la antena zilizovunjika. Usikate kwa koleo, litapondeka. Zungusha faili ya pembe tatu taratibu mpaka likatike lenyewe, halafu lainisha mdomo kwa msasa.

Baada ya kuona yalivyopendeza, niling'oa mabomba yote ya plastiki nikaweka ya antena.

Mjukuu wa KAR

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi ni dada, nipo Kasulu. Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alikwenda Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hajaacha vitu vingi, ila ipo picha yake amesimama mbele ya lori. Kaka yangu aliye nje alinitumia seti ya Bedford QL, lori la Kiingereza la tani tatu, nimuungie babu kumbukumbu.

Ndani ya boksi hapakuwa na fremu ndogo ya vifaa vya mzigo: madumu, sepetu, ndoo. Muuzaji aliambiwa, hakujibu. Nikaiangalia upya picha ya babu. Kwenye bodi ya lori hakuna madumu ya chuma yale ya kijeshi, kuna madebe! Waingereza walibebea mafuta na maji kwenye madebe ya bati ya galoni nne, haya haya yetu ya kupimia mahindi. Mama analo, nikachukua rula nikapima: upana sentimita 23 na nusu, kimo 35. Kwa skeli yangu ni upana milimita 7 kasoro kidogo, kimo milimita 10.

Nilikata kopo la soda kwa mkasi, nikakunja juu ya kijiti cha mninga nilichokichonga mraba, nikaweka kishikio cha uzi wa shaba. Msalaba ulioko ubavuni mwa debe nilichora kwa peni iliyoisha wino, nikikandamiza kutoka ndani. Vioo vya taa nilikata kwenye pakiti za vidonge, pale penye mbonyeo, panakaa kama lenzi.

Kwa hiyo kile kipande kilichokosekana sikihitaji tena. Lori la babu halikuwa nacho.

Isevya Tabora

Dada, hongera sana. Tafadhali weka picha ya hayo madebe.

Gungu

Nichangie kwa ufupi. Wanaotafuta vipande kwenye midoli ya mtumba mnadani, angalieni skeli. Beba rula. Kama kuna sanamu ya mtu, ipime: mtu wa sentimita 175 anakuwa milimita 50 kwenye 1/35, na milimita 24 tu kwenye 1/72. Midoli mingi haina skeli yoyote, tairi limenenepeshwa ili mtoto alisukume. Kwa tairi mtumba haufai. Kwa springi ndogo, skrubu, nyavu za spika za kutengenezea sho ya mbele, unafaa sana.

Reli ya Kati

Swali kwa Mwana wa Ujiji: puti haipasuki ukitoboa tundu la ekseli?

Mwana wa Ujiji

Mkuu, inapasuka ukitoboa ikiwa imekauka siku nyingi. Toboa mapema, ikiwa imeshika lakini ukucha bado unaacha alama, na uzungushe ncha ya drili kwa vidole, usitumie mashine. Njia nyingine ni kusimamisha msumari mdogo uliopakwa mafuta ya mgando katikati ya umbo kabla hujajaza. Puti ikikauka unauchomoa msumari, tundu liko tayari.

Dada wa Kasulu, nyuzi za shaba ulipata kwenye waya gani?

Mjukuu wa KAR

Waya wa chaja ya simu iliyokufa. Ukiumenya una nyuzi nyingi nyembamba, zisokote mbili mbili.

Na mimi ninavyo vipande vilivyobaki: milango miwili ya Bedford, siti za nyuma na fremu ya turubai, vyote 1/35. Anayevihitaji anifuate inbox, nitavipandisha basi la Kigoma au la Tabora. Mimi natafuta usukani mmoja tu, wa mikono mitatu.