Vita ya bei ya chipu za RAM: tulishangilia wakati washindani wanakufa, sasa tunalipa

Wakuu, nimechoka kusoma kwamba kampuni zikishindana kushusha bei anayefaidi ni mnunuzi. Anafaidi kwa muda gani?

Jana mezani kwangu kulikuwa na laptopu ya binti wa chuo. RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) gigabaiti 4. Nimeichomoa, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Ikawaka, lakini akifungua utafiti wake na kurasa mbili za intaneti, inaganda. Dawa ni kuongeza 8. Nikampigia anayetuletea mzigo hapa Kariakoo, bei aliyonitajia ni zaidi ya mara mbili ya niliyozoea. Binti akarudisha laptopu kwenye begi akaondoka nayo vilevile.

Sasa sikilizeni hili linavyokwenda. Kiwanda cha chipu za kumbukumbu kinameza mabilioni ya dola kabla hakijauza hata kipande kimoja. Bei ikianguka, kuzima mashine ni hasara juu ya hasara, kwa hiyo kila mtu anaendelea kumwaga mzigo. Ni sawa na mkulima aliyeshusha nyanya soko la Ilala alfajiri: shamba lilishakula hela yake, atauza kwa bei yoyote. Na RAM ya huyu na ya yule zinaingia tundu lile lile, mnunuzi anaangalia bei tu. Mwenye mtaji mnene anakubali kukosa faida mwaka, miwili, ili abaki na soko. Jirani yake anakata pumzi.

Na wamekata kweli. Intel, waliokua kwa biashara ya kumbukumbu, waliiacha DRAM, chipu zinazotengeneza RAM, mwaka 1985 baada ya kushindwa na bei za Wajapani. Qimonda ya Ujerumani ikafilisika Januari 2009. Februari 2012 ikafuata Elpida ya Japani, deni yeni bilioni 448 (yeni kupanda thamani nako kuliikaba, nakubali), na mwaka 2013 Micron ya Marekani ikaichukua. Leo karibu soko lote la DRAM duniani liko kwa watatu: Samsung, SK Hynix na Micron.

Hata hao watatu walikabana. Mwaka 2022 wateja walipopungua, Micron na SK Hynix walipunguza uzalishaji, Samsung ikagoma. Ilikubali Aprili 2023, faida yake ya robo mwaka ikiwa imeshuka kwa takriban asilimia 96. Robo hiyo kitengo chake cha chipu peke yake kilipoteza won trilioni 4.58. Mafundi wa mtaani tulikuwa tunafurahia RAM za bei ya kutupa.

Halafu ikaja akili mnemba. Mitambo yake inataka kumbukumbu za HBM, za kasi kubwa na zenye faida nono, na viwanda vikageuziwa huko. Desemba 2025 Micron ikatangaza inaachana na Crucial, chapa yake ya watu wa kawaida. Ile faida waliyoisamehe inarudi sasa, na anayedaiwa ni mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba.

Sisemi leo wanakubaliana bei kwa siri, sina ushahidi huo. Lakini mwaka 2005 Samsung ilikiri kosa hilo Marekani ikatozwa dola milioni 300, na Hynix (SK Hynix ya leo) milioni 185. Hapo wauzaji walikuwa wengi kuliko sasa!

Anayeniambia soko litajirekebisha anijibu: nani atazika mabilioni kwenye kiwanda kipya akikumbuka Qimonda? Mtanitajia CXMT, mtengenezaji wa DRAM wa China. Sawa, nao waliingia kwa kushusha bei. Wakishapata soko wanalolitaka, itakuwaje?

Binti anakabidhi utafiti mwezi ujao. Mwenye RAM ya laptopu, DDR4, gigabaiti 8, iliyotumika lakini nzima, kwa bei ya kibinadamu, aandike hapa chini. Nitaifunga bila kumtoza ufundi.