Kadi za mkopo zinazorudisha hela ukinunua supamaketi, zinalipa kweli? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu habari zenu. Naomba uzoefu wa wanaotumia hizi kadi za mkopo zinazokurudishia asilimia fulani ukinunua mahitaji ya nyumbani. Benki wananishawishi nichukue inayorudisha asilimia 6 ila ina ada ya mwaka 90, na hapohapo wanayo nyingine haina ada kabisa, inarudisha asilimia 3 (nataja namba tupu, kila mtu aweke hela ya kwao). Ukisikia 6 na 3 unaona jibu liko wazi lakini nimekaa na kalamu nikaona sio hivo. Tofauti ni asilimia 3, kwahiyo ili ile 90 irudi lazima ninunue vitu vya 3,000 kwa mwaka, yani 250 kila mwezi, chini ya hapo ile ya bure ndo inanilipa zaidi. Sisi tunazunguka hapohapo kwenye 250, mwezi mwingine tunapita, mwingine hatufiki. Mlio nazo, kuna nini ambacho kwenye tangazo hakisemwi?

Kapu la Mama
Kabla ya ada angalia kwanza unanunua WAPI. Mi ninayo ya hivo hivo, stetimenti ya kwanza ilivokuja nikakuta lile duka kubwa ninalochukulia karibu kila kitu limehesabiwa asilimia 1 tu, wakati kuna sabuni na vifaa vya usafi nilivonunua supamaketi ndogo ya jirani vimepata asilimia zote. Nikapiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanieleza vizuri sana, tena kwa upole. Kumbe kadi haioni umenunua nini, inaona namba ya duka. Kila duka linalopokea kadi linapewa namba ya tarakimu nne na benki inayolipokelea malipo, kulingana na biashara yake kuu. Supamaketi ni 5411. Yale maghala ya uanachama ya kununua kwa jumla ni 5300. Maduka makubwa yanayouza kila kitu mpaka nguo na tivii mara nyingi yanakuwa na namba nyingine kabisa hata kama nusu ya jengo ni chakula. Pampu ya mafuta iliyoko uwanja wa supamaketi inaweza kuhesabiwa kama mafuta, na ukiagiza kwa apu ya kuletewa nyumbani inategemea malipo yamepokelewa na nani.

Ninachofanya sasa hivi, duka jipya nanunua kitu kidogo tu kwanza, nasubiri muamala uingie nione umewekwa kundi gani, ndo nije kununua kwa wingi.

Fundi Hesabu
Dada hapo juu kamaliza. Mi naongezea ukomo maana watu hawausomi. Kadi nyingi za asilimia kubwa zina kikomo, kwa mfano asilimia 6 mpaka ufikishe 6,000 kwa mwaka, zaidi ya hapo unapata 1. Sasa chukua familia kubwa inayotumia 9,000. Ile 6,000 inarudisha 360, ile 3,000 iliyobaki inarudisha 30, jumla 390, toa ada 90 imebaki 300. Ukigawa kwa 9,000 ni kama asilimia 3.3 hivi! Kadi ya bure ya asilimia 3 ambayo haina ukomo ingekupa 270, kwahiyo mvutano wote huu ni wa 30 kwa mwaka mzima. Ukiwa chini kidogo ya ukomo ndo kadi ya ada inang'aa.

Na kama iko kadi ya bure ya asilimia 2 kwa kila duka, ilinganishe nayo pia, sio unalinganisha na sifuri.

Tulia Kwanza
Jamani riba. Hizi kadi riba yake mara nyingi ni kubwa, ikiwa asilimia 24 kwa mwaka hiyo ni kama 2 kila mwezi, kwahiyo deni likikaa miezi mitatu ile asilimia 6 yote imeliwa, mwezi wa nne unaanza kuilipa benki kwa chakula ulichokwishakula. Na kadi nyingi ukishabeba deni kwenda mwezi unaofuata unapoteza zile siku za bure ambazo hutozwi riba, manunuzi mapya nayo yanaanza kuchajiwa riba tangu siku uliyonunua. Mimi na mume wangu tulikubaliana, tukitoka dukani jioni ileile tunalipa kadi kwa apu kiasi kilekile, hatusubiri bili. Marejesho, yani zile asilimia, yanaingia kama kawaida na hatudaiwi kitu. Ila kama familia inaishi kwa kusogeza deni mwezi mpaka mwezi, naomba sana msichukue, tafuteni kwanza kadi ya riba ndogo.

Mwenye Duka
Naongea kama muuzaji. Hizo asilimia hazidondoki juu, kila ukichanja kadi mimi nakatwa ada na sehemu yake ndo inawarudia nyinyi. Marekani kampuni ya Discover ilianza kurudisha hela hivi mwaka 1986. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 waliweka sheria kwamba ile ada inayokwenda benki ya mwenye kadi isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu wa kawaida, ndo maana marejesho manono kama ya Marekani huyaoni kule Ulaya. Sehemu nyingine muuzaji anaruhusiwa kukuongezea gharama ukilipa kwa kadi, ukiongezwa asilimia 3 ili urudishiwe 3 hujapata kitu.

mpita njia
Ukirudisha bidhaa dukani na marejesho yake yanakatwa. Msishangae.

Mleta uzi
Asanteni sana, dada Kapu la Mama umenifungua macho. Nimepekua stetimenti za nyuma za kadi ya debiti nikatenga supamaketi peke yake, sehemu kubwa ya ile 250 inatoka ghala la uanachama! Supamaketi halisi hata 150 haifiki. 150 mara 12 ni 1,800, asilimia 6 inarudisha 108, toa ada nabaki na 18. Ile ya bure inanipa 54. Nachukua ya bure. Ila wamesema mwaka wa kwanza ada wanasamehe, hapo mnasemaje?

Kapu la Mama
Hapo mwaka wa kwanza unapata 108 safi, kwahiyo inawezekana, ila waulize mambo mawili kabla hujasaini: ada ya mwaka wa pili inakatwa tarehe ngapi, na kama unaweza kuhamia ile ya bure bila kufunga akaunti. Wakikubali kuhama weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla ya hiyo tarehe. Na toa marejesho yako yote kabla ya kuhama, kuna benki ukifunga akaunti kilichobaki kinapotea.