Nani asome oda jikoni wakati wateja wamefurika?

Mpishi wa Shangani
Habari za leo, ndugu zangu. Nimekabidhiwa kuongoza jiko la mgahawa hapa Mtwara mjini, lenye wapishi watano. Siku za kawaida hatuna shida, lakini minada ya korosho ikishaanza mwezi wa Oktoba na wageni wakajaa mjini, mchana huwa vurugu tupu: kila mhudumu anaingia na kumtajia oda mpishi aliye karibu naye, changu anaiva wakati wali wake umekwishapelekwa meza nyingine, na wawili wanajikuta wanakaanga oda ileile ya pweza. Isitoshe, mama anayepika mchuzi wa nazi amenizidi umri kwa mbali, na ndiye aliyewafundisha wenzake wengi. Nikimwelekeza mbele ya vijana, anaweka mwiko chini na kunyamaza. Nifanyeje ili kazi iende bila kelele na bila kumvunjia heshima?

Kisu na Ubao
Mkanganyiko huo wa oda ni wa siku nyingi. Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeongoza jiko la Savoy Hotel jijini London katika miaka ya 1890, aliligawa jiko kwa vituo, huyu mchuzi, huyu wa kuchoma, yule mboga na mayai, hivyo sahani iliyokuwa ikimchukua mpishi mmoja robo saa ikatoka upesi kwa kuwa kila kituo kiliandaa kipande chake kwa wakati mmoja. Watu husifu vituo na kumsahau msoma oda, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeviunganisha. Wewe usihangaike na vyeo vya Kifaransa. Wahudumu waishie dirishani, oda ziandikwe, mtu mmoja tu azisome kwa sauti, na mpishi husika aitikie kwa kurudia: “Pweza wawili, meza ya nne.” Asiyeitikia asomewe tena.

Mwana Lindi
Naafiki habari ya msomaji, ila vituo kwa watu watano vina mtego wake: meza zote zikiagiza samaki wa kukaanga, wa karai anaelemewa huku wa mboga amekunja mikono. Kubalianeni asubuhi nani atamsaidia nani. Tena asubuhi ndiyo yenye kazi yenyewe. Pweza ambaye hakuchemshwa mapema atakuweka karibu saa nzima kabla hajalainika, na hakuna ukali wa kiongozi utakaoufupisha muda huo. Nazi ziwe zimekunwa na tui zito limetengwa na jepesi, mahali pa baridi, kabla ya saa sita. Wali uliokwishaiva usikae wazi zaidi ya saa mbili. Ama ubaki wa moto, juu ya nyuzi 60, ama upozwe haraka uingie kwenye friji.

Bi Mkubwa wa Mikindani
Mdogo wangu, ya huyo mama ni nyepesi kuliko unavyodhani. Karatasi ikisomwa kwa wote kwa sauti ileile, anayeagiza ni meza ya nne, si wewe kijana unayemwamrisha mtu mzima. Kabla ya kazi mwamkie, kaa naye pembeni, umwombe awe ndiye anayeonja kila mchuzi kabla haujafika dirishani, na uwatangazie vijana kwamba neno lake katika hilo ni la mwisho. Lakini heshima isigeuke kinga: akishika samaki mbichi kisha akagusa kachumbari bila kunawa, mzuie hapo hapo kwa sauti ya chini, na mazungumzo marefu yasubiri wateja wapungue.

Mpishi wa Shangani
Nashukuru sana, dada, na wengine wote. Je, naweza kusoma oda huku nikishika karai? Sina mtu wa ziada.

Kisu na Ubao
Hapana. Mafuta yakichemka macho yako yatakuwa kwa samaki, na oda mbili zitapita hujaziona. Mwachie karai kijana mwepesi kuliko wote, wewe usimame dirishani kuanzia saa sita hadi saa tisa, upange sahani na kuzifuta kingo; msongamano ukiisha, rudi motoni.