Mfuko wa nkambo (babu) una muhuri wa 1952, naye alipigana 1941. Niufanyeje?

Mtoto wa Katuba: Jambo wakubwa. Nkambo wangu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji huku Kongo. Tangu utotoni nasikia walivyofika Abisinia (Ethiopia) wakawashinda Waitalia pale Saio, 1941, na kwamba mfuko huu wa mgongoni ndio aliobeba. Sasa shangazi ameniachia. Turubai limepauka, mikanda ya ngozi imekauka kama ukoko, bizimu za shaba zinatoa kitu cha kijani mfano wa nta, na ukungu unanuka nyumba nzima. Ndani ya kifuniko pameandikwa ABL, 1952. Mtu wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ananipa dola 40. Mke wangu anataka niufue kwanza kwa sabuni ya unga upande bei.

Yaya wa Kamalondo: Mwambie shemeji aweke beseni chini! Wino wa muhuri ukienda na maji, umebaki na gunia. Utundike kivulini penye upepo, upige brashi laini, kavu, huku umefunika pua. Ule ukijani ni shaba inayokutana na mafuta ya ngozi. Ukwangue kwa kijiti, si kisu. Ngozi usiipake mafuta ya kula. Mimi niliwahi kupaka mkanda wangu mawese, panya wakaula wote.

Mzee wa Reli: ABL ni jeshi la Ubelgiji: Armée Belge kwa Kifaransa, Belgisch Leger kwa Kiholanzi. Mfuko wa 1952 haukufika Saio, kijana.

Mtoto wa Katuba: Kumbe nkambo alitudanganya?

Mzee wa Reli: Sijasema hivyo. Aliacha jeshi lini? Force Publique iliendelea mpaka 1960, na askari alibadilishiwa vifaa. Au aliupata baadaye, enzi za jandarmeri, jeshi la Katanga ilipojitenga, vitu vilipozagaa. Wazee wetu walikuwa na vita vingi na mfuko mmoja, ukiuliza habari unapewa ile iliyo tamu. Kagua gamela (bakuli la bati la askari) na chupa ya maji kama vipo. Kwenye bati huenda mwaka umegongwa, hata chini, na sabuni haiufuti.

Petit Kisanga: Dola 40? Chukua, ununue unga.

Yaya wa Kamalondo: Huyo anayekupa 40 anajua wa kumuuzia. Usiuze kabla hujajua una nini. Na usiuvae barabarani! Askari wa leo hatauliza kama ni wa 1952.

Mtoto wa Katuba: Gamela ipo, chini imeungua, sioni kitu. Ila shangazi anasema kijitabu cha nkambo cha jeshi kimo sandukuni kwake Likasi. Nakwenda Jumamosi. Mfuko nimeutundika kivulini, juu kabisa, panya wasije wakahamia huku.