Shairi la Dan Pagis: tafsiri ya Kiingereza imeacha nini?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fasihi kidato cha sita na nataka kuwapa wanafunzi shairi moja la Dan Pagis, mshairi wa Kiebrania, lile la mistari sita ambalo ni kama limeandikwa kwa penseli ndani ya behewa la treni lililofungwa, la kupeleka Wayahudi kwenye kambi za Wanazi. Pagis alizaliwa Bukovina, Romania, 1930, akafungwa kambini utotoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafika Palestina 1946. Shairi limo katika kitabu chake cha 1970. Kiebrania sijui hata herufi, ninayo tafsiri ya Kiingereza ya Stephen Mitchell tu. Hawa yumo behewani na mwanawe Habili. Anaomba mwanawe mwingine, Kaini, akionekana, aambiwe kwamba yeye... basi, limekatika. Nikilileta Kiswahili kutoka Kiingereza nitapoteza nini? Na mbona Mitchell kaandika yote kwa herufi ndogo, hata ile "i" ya mimi? Wanafunzi watadhani ni makosa ya uchapaji.

Kijana wa Arava:
Shikamoo mwalimu. Kiebrania changu ni cha shambani, nilikipata Arava, kule jangwani Israeli, kwenye mafunzo ya kilimo, lakini shairi hili nalijua kwa moyo.

Herufi kwanza: Kiebrania hakina kubwa wala ndogo, na shairi lenyewe halina nukta mwishoni. Mitchell angeweka "I" kubwa, mama huyu angesimama wima kwenye karatasi. Hapo namvulia kofia.

Sasa yaliyobaki njiani. Pagis hakuandika "mwanangu mwingine", kaandika "mwanangu mkubwa". Halafu Hawa anaongea na watu wengi. Kitenzi kiko kwenye wingi, ila Kiingereza hakionyeshi. Sisi tunacho bure: "mkimwona", "mwambieni". Darasa lako lote litajikuta limetumwa.

Neno la mstari wa kwanza ni mishloach. Kwenye banda la kufungashia pilipili hoho tulilisikia kila siku: mishloach ya asubuhi imeondoka, mishloach ya Ulaya bado. Ni shehena. Usiandike "safari" wala "gari", mwalimu, andika shehena.

Na kubwa kuliko yote ni ben adam, anavyoitwa Kaini kwenye shairi, neno kwa neno mwana wa Adamu. Mitchell kaweka "mwana wa mtu" ya Kiingereza, na msomaji wake anaenda moja kwa moja kwenye Injili. Kwa Kiebrania ni neno la mtaani. Pale bandani mtu akibania maji ya baridi anaambiwa "kuwa ben adam!", kama sisi tunavyosema "kuwa binadamu bwana". Kaini ni mtoto wa Adamu kweli, na ni binadamu kama mimi na wewe. Kiswahili kimebeba yote mawili ndani ya neno moja. Ukiandika "Mwana wa Adamu" umeshamtaja Yesu.

Dada Msomaji:
Kijana, nakubali mengi, ila kwenye "mwingine" usimwonee Mitchell. Msomaji wa Kiingereza anajua Mwanzo, anajua nani alitangulia kuzaliwa. "Mwingine" inamfanya mama azunguke kidogo kabla ya kulitaja jina. Mimi naisikia hiyo aibu.

Kijana wa Arava:
Dada, aibu ni ya Mitchell, siyo ya Hawa. Mkubwa ndiye anayetegemewa kumwangalia mdogo. Ukiondoa "mkubwa" umeondoa lawama.

Mwalimu wa Zamu:
Marahaba kijana, ahsanteni wote. Nimejaribu mwisho: "mwambieni kwamba mimi". Je, linatosha kukatika hivyo?

Kijana wa Arava:
Linatosha. Tena rudi juu usome mfululizo: "kwamba mimi / hapa katika shehena hii / mimi Hawa". Kiebrania nacho hakihitaji "ni" hapo, kwa hiyo duara linafunga bila kugongana. Kiingereza lazima kiweke kitenzi.

Mwalimu wa Zamu:
Swali la mwisho. Nusu ya darasa langu ni Waislamu. Niandike Kaini au Kabili?

Dada Msomaji:
Kabili! Habili na Kabili, wote watawajua.

Kijana wa Arava:
Watawajua, lakini majina yataimba kwa vina, na kwa Pagis ni Hevel na Kayin, hayavutani hata kidogo. Mimi ningeacha Kaini, na Kabili ningemtaja kwa mdomo darasani.