Naomba ushauri: kufunga Power Commander kwenye Vulcan 900

Wakuu habari, nipo Mbeya, nina pikipiki Kawasaki Vulcan 900 ya injekta, nimebadilisha eksozi nikaweka ya wazi pamoja na ea klina kubwa, sasa ukiachia mafuta tu kwenye mteremko wa Iwambi eksozi inalipuka kama risasi hadi watu wanageuka. Najua ni hewa imezidi mafuta ndo maana nikaagiza Power Commander, kile kifaa cha kurekebisha kiasi cha mafuta ya injekta, imeshafika.

Kufunga naona siyo ishu sana, unanyanyua tenki, unachomoa soketi za injekta unapachika zake katikati, waya wa athi unaupeleka negativu ya betri basi. Kuna fundi kaniambia tukate waya tuunge na selotepu, huyo nimemkwepa kwanza.

Shida yangu ni mapu, yaani ile mipangilio ya kiasi cha mafuta ndani ya kifaa. Iliyomo wameipima huko kwao Marekani, huku tuko kama mita 1,700 na wikiendi nashuka Kyela kwenye mita 500 hivi, joto la ziwani mnalijua. Sensa ya pikipiki itajirekebisha yenyewe au niandae mapu mbili? Na bila mashine ya dyno ya kupimia nguvu ya injini, kusoma rangi ya plagi inatosha? Mliofunga mkiwa nyanda za juu nisaidieni, hasa kuwaka asubuhi kwa baridi la mwezi wa 6.