Usalama wa wapanda baiskeli Tabora: tuombe nini kwenye bajeti?

Mkazi wa Ipuli
Wakuu, heshima kwenu. Mtaa wetu unataka kupeleka kwenye kata maombi ya usalama wa wapanda baiskeli. Wengi wanataka mstari mweupe uchorwe pembeni mwa lami, wengine wanataka sheria ndogo ya kofia ngumu. Wanaopita hapa ni wabeba mkaa, wauza maziwa na wanafunzi. Kipi kitapunguza ajali kweli?

Fundi Lami
Mkuu, kwanza jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaani ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Ombi likipelekwa kusiko, mwaka umepotea. Na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, kabla madiwani hawajapitisha bajeti.

Mstari mtupu siushauri. Baiskeli yenye magunia ya mkaa ubavuni inafika upana wa mita moja, na kwenye mlima inayumba. Mita 1.5 inamtosha mmoja. Ili apitwe na mwenzake zinatakiwa 2 hadi 2.5. Kamstari kembamba kanageuka maegesho ya bodaboda.

Kinachoangusha watu wengi hakitajwi: ukingo wa lami. Mvua inakula changarawe ya begani, yaani pembeni mwa lami, inabaki ngazi ya sentimita saba au kumi. Gari linapiga honi, mwenye baiskeli anatoka kwenye lami. Akitaka kurudi, tairi linasugua ukingo kwa ubavu badala ya kuupanda, usukani unagoma, naye anaangukia upande wa magari. Ombeni changarawe ijazwe mpaka ilingane na lami, imwagiwe maji, ishindiliwe kwa roli, na irudiwe kila mvua zikiisha. Iandikeni kama matengenezo, msiiite mradi mpya.

Dada wa Cheyo
Naongeza mwendo. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 28 kusimama, ukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa 30 ni kama mita 13. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Kibao peke yake hakitoshi, wekeni tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. Yale mafupi yenye makali yanamrusha mwenye mzigo.

Mkazi wa Ipuli
Asanteni sana. Na nguzo za kuzuia bajaji wasiingie njia ya baiskeli?

Fundi Lami
Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi. Nguzo zikiachana 1.5, gari dogo linakwama lakini bajaji inapita. Mkibana mpaka 1.1, mwenye mkaa anakwaruza. Wekeni 1.5, bajaji waachieni askari. Kila nguzo ivishwe ukanda unaong'aa, la sivyo usiku itaumiza wale wale mnaowalinda.

Dada wa Cheyo
Kofia ngumu inasaidia mtu akishaanguka, haizuii kugongwa. Faini kwa muuza maziwa siiungi mkono. Elimisheni kuhusu reflekta: ile nyekundu ya nyuma inafunikwa na gunia, dereva haioni kabisa. Ifungwe nyuma ya mzigo wenyewe, kwa mpira ule ule unaofungia gunia.